Moto Niliokuahidi Kuutunza

Lyamkena,
Makambako.
Jumapili, 8 Desemba 2024.

Mpendwa shemeji Elius,

Kamwene. Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na Lucia na watoto. Habari za Geita, na joto la huko? Mguu unaendeleaje? Lucia aliniambia daktari atafungua plasta tarehe kumi na mbili. Nakuomba usiwe na haraka ya kuukanyagia. Mfupa ukiunga vibaya, baridi ya kwetu itakukumbusha kila mwaka ukija kusalimia.

Sisi huku hatujambo. Mimi nina kikohozi kidogo cha moshi, nitakueleza nilikokitoa. Brightness anafunga shule Ijumaa, atakuja kutoka Igwachanya kukaa nami mpaka Mwaka Mpya. Anasema darasa analofundisha lina watoto sabini na mmoja na kwamba sauti yake sasa ni ya mchunga ng'ombe. Ni kweli, akinipigia nasogeza simu mbali na sikio.

Mvua imeanza mapema kuliko tulivyozoea. Shamba la Mahongole nimeshapanda mahindi, na viazi vya bondeni vimechomoza. Yule ng'ombe wako uliyemwachia kaka yako amezaa ndama jike, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Sijampa jina, nakungoja wewe mwenye mali.

Kaburi la kaka yako bado halijajengewa. Pana ule msalaba wa mbao. Udongo ulishuka baada ya mvua ya kwanza, nikaongeza matoroli mawili. Mwalimu wa kanisa letu hapa kijijini aliniambia tungoje mwaka upite ardhi itulie ndipo tujenge, nami naona amesema kweli.

Sasa shemeji, nimeamua kuandika barua kwa sababu lipo jambo ambalo kwenye simu nimelikwepa. Alhamisi ile uliponiuliza, "Na moto je?", nilikwambia mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika. Nilikuwa nimesimama nje ya duka la pembejeo hapa Makambako, nakusikia kama uko kando yangu. Naomba unisamehe kwa uongo ule.

Moto nimeuzima. Niliuzima kwa mikono yangu Jumanne tarehe 26 Novemba, saa nne asubuhi. Nikueleze tangu mwanzo, ndipo uamue kunikasirikia au kuniacha.

Mengine unayajua kuliko mimi, lakini nayaandika ili watoto wako wakisoma siku moja waelewe. Mwaka 2007 wewe na kaka yako Methusela mlipata kazi ya kufyeka na kufungua kambi ya Ihanga, kule chini mbugani, kwa ajili ya wageni wa kuwinda na kuvua. Mama yenu alikuwa hai. Alichukua makaa kwenye jiko lake Mahongole, akayafukia kwenye majivu ndani ya kopo la maziwa ya unga, akasema hamwezi kwenda kulala porini kwenye moto wa dukani. Wewe ndiye uliyelibeba kopo mapajani, nyuma ya gari, njia nzima. Suruali ikaungua tundu la ukubwa wa shilingi na hukusema mpaka mmefika. Kaka yako aliisimulia habari hiyo kila Krismasi, na kila mwaka tundu liliongezeka ukubwa.

Tangu hapo ikawa desturi ya kambi. Tarehe mosi Julai Methusela anawasha moto wa uwanjani, unawaka msimu wote, mchana na usiku, magogo yakisukumwa taratibu. Siku ya kufunga, yeye aliyeuwasha ndiye anayeuzima. Kisha anachukua kijinga kimoja, kipande cha gogo kilichoungua upande mmoja, anakileta nyumbani. Kinakaa kwenye dari la jiko langu miezi yote ya mvua. Julai anakirudisha na kukilaza chini kabisa ya moto mpya. Mimi nilikuwa nakipangusa masizi. Mama alipofariki mwaka 2013, kaka yako akawa mkali zaidi juu ya moto ule. Hakusema kwa nini, wala mimi sikuuliza.

Siku ya mazishi, tarehe 19 Septemba, ulipiga simu tukiwa tunarudi kutoka makaburini. Ulikuwa umelala hospitali na mguu umening'inizwa. Ulisema, "Shemeji, waambie wa kambini moto wa kaka wasiuzime. Nitakuja niuzime mwenyewe." Nikasema sawa. Siku ile kila mtu aliyeniambia neno nilimjibu sawa. Usiku wa pili ndipo nilipotambua kwamba nimeahidi.

Nikampa ujumbe wako Mzee Fidelis, msoma nyayo, aliyekuwa amekuja kuzika na wenzake. Alinishika mkono akasema, "Moto ule hauna wa kuuzima, shemeji. Hata mvua itauogopa." Nikatulia. Oktoba yote nilikuwa nikiamka nafikiri, angalau moto ule unaendelea.

Jumamosi tarehe 23 Novemba, Geofrey, meneja wa kambi, akanipigia. Alisema mvua imenyesha milimani na korongo limeanza kupitisha maji, kwa hiyo gari la mwisho la kufunga kambi ni Jumanne. Likichelewa hapo, vitu vyote vinabaki huko mpaka Mei, na vikibaki ni chakula cha mchwa na mafuriko. "Lakini vijana wamekataa kuzima moto, Mama," akasema. "Nimewaambia basi nitauzima mimi, Mzee Fidelis akaniuliza mimi ni wa ukoo gani. Wanataka mtu wa nyumba ya marehemu."

Nilikupigia Jumapili mara nne, kabla ya ibada na baada yake. Hukupatikana. Lucia alinieleza baadaye kwamba simu yako ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya maji. Basi Jumatatu alfajiri nikavaa gauni la kazi na viatu vya mvua, nikapanda gari la kambi.

Ujue kwamba miaka kumi na saba yote sikuwahi kufika Ihanga. Hakuna aliyekataza, ila wake wa wafanyakazi hatukuwa tunakwenda. Nilikuwa napajua kwa maneno ya kaka yako tu.

Tulipitia Igwachanya kumchukua Amon, mpishi, aliyekuwa amekuja kumwona mtoto. Amon hajabadilika, anaongea kama redio. Alinisimulia juu ya mgeni wa Oktoba aliyetoka kwao siku mbili kwa ndege aje kuvua. Akampata kambare mkubwa, akampima, akapiga naye picha, akambusu, akamrudisha majini. "Mimi nimeshika sufuria ya mafuta ya moto," Amon akasema, "namwangalia kambare ananiaga." Geofrey alicheka mpaka akapunguza mwendo. Nami nilitabasamu. Nilidhani maneno ya Amon ni ya kunichangamsha tu, kumbe alikuwa na lake moyoni, nitalifikia.

Kambi si kubwa kama nilivyofikiri. Ni mahema sita, jiko la mabanzi, banda la kuchunia nyama, na mto. Katikati ya uwanja pana moto, magogo manne ya mgunga yameelekezwa ndani kama vidole, na moshi mwembamba. Kando yake kiti cha kaka yako cha kukunja. Hakuna aliyekikalia tangu Septemba. Walikuwa wakikihamisha mvua ikinyesha, kisha wanakirudisha.

Tulianza kazi mara moja kwa sababu wingu lilikuwa limesimama upande wa Njombe. Nilifikiri nitakaa kuangalia, lakini wakagundua wana shida ya kamba. Kila kamba ya kambi ile ilikuwa imefungwa na kaka yako, na fundo lake unalijua, lile la magunia, ukivuta ncha moja linaachia lote, ukivuta ya pili linajikaza zaidi. Watu wamefanya naye kazi miaka yote hawajui ncha ni ipi. Kefa, mlinzi, alikuwa ameshatoa kisu.

"Kefa, kamba unazinunua wewe?" nikamwambia. "Ngoja."

Mafundo yale nimeyafungua kwenye magunia ya mahindi tangu nilipoolewa. Nikazunguka hema kwa hema, navuta, linaachia, navuta, linaachia. Kefa ananifuata nyuma anasema, "Kumbe." Kila hema, "Kumbe." Mahema sita yalilala chini kabla ya saa saba.

Kwenye mafundo sikulia. Nililia kwenye sanduku la jikoni, nilipokuta kile kijiko chetu chenye mpini uliopinda. Mwaka 2019 nilimgombeza Brightness wiki nzima kwamba amekipoteza. Kaka yako alikuwepo, anakula, ananisikiliza ninavyogomba. Nilipomaliza kulia nikakitia mfukoni.

Mchana ule nilikuwa nakunja neti za vitanda, Kefa akaja akachuchumaa mlangoni mwa stoo.

"Mama Brightness, nina neno. Naomba usimwambie Geofrey."

"Sema."

"Siku ya mazishi wote walikuja huko kwenu, nikabaki mimi kulinda. Nilipanda kwenye kichuguu, kule ndiko mtandao unakopatikana. Fidelis alikuwa ameniachia simu wazi mfukoni mwake nisikie ibada. Nikakaa huko mpaka nikasikia udongo. Niliporudi, moto umekuwa majivu matupu. Nikauwasha kwa kiberiti cha gesi." Akaokota kijiti. "Hakuna anayejua."

Shemeji, nikubali kwamba neti niliyokuwa naikunja niliiacha chini. Nilihesabu haraka: mazishi ndiyo siku niliyokuahidi. Lakini nilimwangalia yule mtu mzima, ana wajukuu, amechuchumaa anachora chini kwa kijiti. Nikamwambia ahsante kwa kuniambia, aendelee na magodoro. Magodoro yale huning'inizwa juu kwa waya ili panya wasiyafikie. Aliyaning'iniza vizuri sana siku ile, kuliko ilivyohitajika.

Saa kumi nilikwenda jikoni kumsaidia Amon kufunga sufuria kwenye magazeti. Alikuwa kimya, nikajua kuna jambo.

"Mama, umeyaona masharubu yangu?"

"Sijaona masharubu, Amon."

"Ndiyo hayo ninayosema."

Akaniambia kwamba katikati ya Oktoba mvua ya ghafla ililowesha kuni za jikoni, na wageni walikuwa wanataka chai. Akachota makaa ya moto wa uwanjani, akachota tena, akasahau kubakiza. Aliporudi hakuna kitu. Akaona aibu, akachukua petroli ya boti akamwagia, akawasha. Moto uliruka ukampiga usoni. Masharubu yakaenda nao, na nyusi moja.

"Asubuhi wakaniuliza, nikasema nimenyoa kwa ajili ya msiba," Amon akasema. "Mzee Fidelis akanisifu mbele ya watu wote. Akasema katika kambi hii mwenye adabu ya kufiwa ni mpishi peke yake. Mama, chakula hakikupita kooni siku tatu."

Nilicheka shemeji. Nilicheka nikashika meza, na machozi yakatoka, nikaona aibu kwa sababu tangu Septemba nilikuwa sijacheka namna ile. Amon naye akacheka, lakini kwa hofu, ananiangalia kama nitamgeuka.

Jioni nilipanda kwenye kichuguu cha simu nikakupigia tena. Hukupatikana. Nilikaa pale mpaka jua likazama, nafikiri nikwambie nini. Kefa akanifuata na wazo lake. Alisema tunaweza kubeba makaa kwenye ndoo ya chuma yenye majivu mpaka Lyamkena, niyatunze jikoni mpaka tarehe kumi na mbili mguu wako ufunguliwe, uje uzime hata ndoo. Usicheke. Nililifikiria wazo lile kwa uzito, nikaenda kumwuliza Geofrey. Akasema gari litabeba mapipa mawili ya petroli, kwa hiyo nichague moto au watu.

Jumanne asubuhi wingu lilikuwa limeshuka. Kazi iliyobaki ilikuwa mtumbwi. Mzee Fidelis alinichukua mtoni nimshikie kamba. Pale ukingoni pana mkuyu, na kaka yako ameutia alama za panga, kila mwaka mahali maji yalipofika. Mtumbwi hupinduliwa juu ya mawe, juu ya alama ya juu kabisa. Fidelis alipima kwa fimbo, akapima tena. Tulipomaliza kuupindua akakaa juu yake.

"Shemeji, Septemba nilikwambia moto ule hata mvua itauogopa."

"Ulisema, Mzee."

"Nilikuwa nimeshauzima."

Nikakaa na mimi, upande wa pili wa mtumbwi. Akanieleza akiangalia maji.

"Gari lilipomwondoa Methusela Jumanne ile kumpeleka hospitali, nilingoja. Jioni Geofrey akapiga kusema amefariki njiani. Alfajiri nikatoka nikaukuta moto unawaka vizuri, kama mtu asiye na habari. Nikakasirika. Nikaupiga teke, nikaumwagia ndoo mbili. Ulipokwisha kulia ndipo nikaona nilichofanya. Nikapapasa koti lake, lilikuwa kwenye kiti, nikakuta kiberiti. Nikauwasha wenzangu hawajaamka." Kisha akasema, "Jambo moja sijalielewa mpaka leo. Methusela hakuvuta sigara maisha yake yote. Kiberiti kilikuwa cha nini kwenye koti?"

Hapo shemeji ndipo ilinibidi nitoe siri ambayo nimekaa nayo miaka tisa. Mwaka 2015 kaka yako alirudi nyumbani msimu ukielekea mwisho kuchukua unga. Usiku akaniambia, kama mtu anayeungama, kwamba mvua ya Novemba iliuzima moto yeye akiwa amelala, na wenzake walikuwa wamekwenda na wageni. Alikwenda mpaka kwa wafugaji ng'ambo ya korongo kuomba kiberiti. Akauwasha, hakumwambia mtu. Tangu siku ile akawa anatembea na kiberiti kwenye koti, na mimi nikaapishwa kunyamaza.

Nilipomwambia Fidelis, alinigeukia. Kisha akapiga mtumbwi kwa kiganja.

"Mzee yule," akasema. "Na mwaka uliofuata alininyima chai asubuhi nzima kwa sababu niliuacha ukafifia. Ukafifia tu, shemeji. Haukuzimika."

Alicheka, kisha akalia, nikamwacha. Nilikuwa nasikia mvua inakuja juu ya majani upande wa pili wa mto.

Nakwambia ukweli wa moyo wangu. Kwanza niliumia. Nilijiona mjinga, miezi miwili nimejitunzia faraja ya moto ambao ulikuwa umezimwa siku moja kabla sijakuahidi. Lakini nilipokuwa natoka pale mtoni nikaona kwamba ulizimika mara nne ninazozijua, na kila mara alikuwepo mtu aliyeshindwa kuuacha umezimika. Nikaona naweza kuuzima.

Uwanjani walikuwa wanatungoja. Kefa alimwuliza Mzee Fidelis kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, kama ni sawa mwanamke kuuzima. Amon akamjibu yeye, "Chai ya kwenu anachemsha nani?" Fidelis akasema mwenye nyumba ni huyu, na mwenye nyumba ndiye mwenye moto. Hapo ikaisha.

Nilifanya kama kaka yako alivyokuwa akisimulia. Kwanza nilivuta magogo yote manne nje, moja moja, ndiko nilikokitoa hiki kikohozi. Nikachagua kijinga cha gogo lililokuwa upande wa kiti chake. Nikafukia makaa kwa mchanga. Fidelis akanipa ndoo, nikamwaga, mvuke ukapanda, nikamwaga ya pili. Wale watatu walisimama na kofia mkononi, kila mmoja hamwangalii mwenzake. Nadhani mpaka leo kila mmoja anajua la kwake tu. Tafadhali na wewe usiwataje.

Fidelis akaniomba nifunge kwa sala. Nikamshukuru Mungu kwa msimu, kwa waliouanza na kwa walioishia njiani. Nikamwomba msamaha kwa niaba yako na yangu. Halafu mvua ikatufikia na kila mtu akakimbilia gari.

Korongo tulilipita maji yakiwa chini kidogo ya ekseli. Geofrey alikuwa ameng'ata meno. Kefa, anayekaa karibu na kule, alinipigia Jumatatu iliyopita akasema hapapitiki hata kwa miguu, na kutoka ng'ambo ya mto ameona maji yamefika alama ya mwaka 2020 kwenye mkuyu. Mtumbwi uko juu, haujaguswa. Kwa hiyo ningekungoja tarehe kumi na mbili, kambi isingekuwepo. Sisemi hivyo ili kujitetea. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu najua wewe ungetaka kujua habari za mtumbwi.

Hiyo ndiyo habari yote. Nilikuahidi, sikutimiza, na nilipoulizwa nikadanganya. La kwanza sioni ningefanyaje. La pili ningeweza kutolifanya, na ndilo linaloninyima usingizi.

Geofrey ameniuliza nani atashika nafasi ya kaka yako mwakani. Nimemwambia sijui, mimi si mwajiri. Sikuombi uache kazi yako, una watoto wanasoma. Lakini kijinga kiko kwenye dari la jiko langu, mahali pale pale, juu ya mahindi ya mbegu. Nimekipangusa masizi. Nakuomba kitu kimoja tu: mguu ukipona, omba likizo yako mwishoni mwa Juni, ushuke nacho, uuwashe. Ulilibeba kopo la kwanza wewe. Usipoweza kuja, sitakulaumu, na sitampa mtu mwingine. Nitashuka nacho mwenyewe. Njia sasa naijua.

Gauni nililovaa siku ile bado linanukia moshi. Nilikuwa silifui. Kesho ni Jumatatu, jua likitoka nitalifua.

Barua hii nampa Anneth, binti wa jirani, anayekwenda Mwanza kwa basi kesho kutwa. Ameniahidi ataipeleka mpaka Geita kwa mkono. Nimemfungia na maharage kidogo na parachichi za Lucia. Mwambie asizile zikiwa ngumu, azifunike kwenye majivu siku tatu.

Nisalimie Lucia sana, mwambie nakumbuka alivyonisemesha kwenye simu usiku ule wa tatu baada ya mazishi. Nisalimie Odilo na Oliva, waambie mama mkubwa anataka kuona matokeo yao, mazuri na mabaya. Shangazi Rosemary wa Igwachanya anakusalimu, anauliza mguu uliuvunjaje wakati kazi yako ni ya kukaa kwenye mashine. Mjibu mwenyewe. Mzee Fidelis, Kefa na Amon wanakusalimu. Amon masharubu yameanza kuota.

Mungu aunganishe mfupa wako vizuri, alinde kuingia kwako na kutoka kwako huko mgodini chini ya ardhi, na atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Yunis, Mama Brightness.

Nilitaka kusahau. Ukija Juni, njoo na kiberiti. Kile cha kaka yako kilimalizwa na Fidelis.